Njugu za Odeon na uongo wa ofisi isiyo na karatasi



Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sijaacha kuandika, hapana. Nilibanwa na kazi, halafu nikabanwa na aibu. Leo nataka niwaeleze hiyo aibu, kisha nigombane na watu kadhaa, nikianza na mimi mwenyewe.

Ilikuwa jioni moja ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimetoka mjini kati, nikapitia Odeon kutafuta matatu ya kwenda Kangemi. Kabla sijapanda nikanunua njugu za shilingi ishirini. Mnazijua zile, zinafungwa kwenye karatasi iliyokunjwa mfano wa pembe. Msongamano wa Waiyaki Way ukafanya yake, na kabla hatujafika Westlands njugu zilikuwa zimeisha. Mimi nina tabia ya kusoma kitu chochote chenye maandishi, kwa hiyo nikaikunjua ile karatasi.

Juu iliandikwa: "Ukurasa 14 kati ya 62". Chini yake majina ya watu, namba za vitambulisho, mishahara na makato. Na ule mpangilio wa safu na mistari niliutambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake. Ripoti ile niliitengeneza mimi! Nilimwandikia mteja mmoja programu ya mishahara miaka kadhaa iliyopita, na hii ilikuwa ni matunda yake, yenye mafuta ya njugu.

Upande wa pili wa karatasi ulikuwa mweupe kabisa. Hilo nalo lilinichoma, nitalirudia.

Jina la kampuni nitalihifadhi. Asubuhi niliwapigia simu. Walishtuka, wakashukuru, kisha wakakata shauri lile lile ambalo ofisi nyingi za jiji hili hukata: kuanzia leo karatasi zote zichomwe. Nyuma ya jengo, ndani ya pipa la chuma, kila Ijumaa. Na wenzangu wa kazi, niliposimulia kisa hiki tukinywa chai, wakacheka na kusema dawa ni moja tu, kuacha karatasi kabisa. Mambo ya karatasi iliyochakatwa upya, wakasema, ni ya watu wa kukumbatia miti, sisi ni watu wa teknolojia.

Jamani. Naomba nikatae yote mawili, pipa la moto na hiyo ndoto.

Ndoto ya miaka hamsini

Habari ya ofisi isiyo na karatasi haikuanza na simu janja. Jarida la Marekani la BusinessWeek lilichapisha makala kuhusu "ofisi ya kesho" mwaka 1975, na humo ikatabiriwa kwamba karatasi itapungua sana kazini. Tangu hapo imepita miaka hamsini. Dunia leo hutengeneza karatasi na kadibodi zaidi ya tani milioni 400 kwa mwaka. Kwa nini? Kwa sababu sisi watu wa programu tulirahisisha kuchapisha. Zamani karani alipiga chapa ukurasa mmoja kwa jasho. Leo kitufe kimoja kinatoa kurasa 62, na hakuna anayeuliza za nini.

Tuangalie hapa kwetu. eCitizen ilianza mwaka 2014, na Juni 2023 serikali ikatangaza kwamba huduma 5,000 zimeingizwa humo. Ni hatua nzuri, nami nimeisifu. Lakini tembea Tom Mboya au Moi Avenue uone saiba zilivyojaa watu wanaochapisha kile kile walichokilipia mtandaoni, maana wanajua watakapofika dirishani wataulizwa nakala.

Na kuna mambo ambayo karatasi tunaihitaji kweli. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais, hoja kubwa ilikuwa ni jinsi matokeo yalivyopitishwa kwenye mitambo na fomu zake. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ikaweka wazi mtandaoni picha za fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000, na kila Mkenya mwenye intaneti akawa mhesabu kura. Zile picha zilikuwa picha za nini? Za karatasi! Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na Mkenya hajaacha kuliamini hilo. Mimi pia naliamini.

Kwa hiyo karatasi ipo na itakuwepo. Anayekwambia usijali karatasi inatoka wapi na inaenda wapi, kwa sababu eti kesho haitakuwepo, ni sawa na mtu anayekwambia usifue nguo kwa sababu kuna siku utanunua nyingine.

Hesabu ya mti, na uongo wetu wenyewe

Sasa niwageukie marafiki zangu wa mazingira, maana nao wana makosa. Kuna namba inayozungushwa kila mahali: ukichakata tani moja ya karatasi unaokoa miti 17. Miti gani? Ya unene gani? Ya umri gani? Mkaratusi wa miaka minane si sawa na msonobari wa miaka ishirini na tano. Namba ikitajwa bila kipimo chake, sisi kwenye kazi yetu huiita kasoro na kuirudisha kwa aliyeiandika.

Tena hapa Kenya, miti ya kutengenezea karatasi si ile ya asili ya Karura. Ni misonobari, mierezi ya kigeni na mikaratusi iliyopandwa kama shamba la mahindi. Ukitaka kuona ilivyoanza, shuka Kileleshwa uingie Arboretum. Bustani ile ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni ambayo ingeota haraka na kulisha reli ya Uganda kuni. Kwa hiyo ukiniambia "tumia karatasi kuukuu, okoa msitu wa Wangari Maathai", mtu mwerevu atakujibu kwamba hakuna anayekata mgumu wa Karura kutengeneza rimu ya A4. Na atakuwa sahihi.

Lakini asifurahi mapema. Hoja ya karatasi iliyochakatwa upya haisimami kwa mti peke yake. Inasimama kwa miguu mitatu mingine.

Mguu wa kwanza ni kemikali na maji. Mti si karatasi. Ili upate nyuzi lazima uuchemshe mti kwa magadi makali na misombo ya salfa, uyeyushe ile gundi iliyozishika nyuzi. Waulize watu wa Webuye. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kuzalisha karatasi kule katikati ya miaka ya 1970. Kiliajiri watu wengi na kuujenga mji, na kilipofungwa mwaka 2009 mji ulilia. Sitawadharau kwa hilo. Lakini waulize pia ile harufu ya mayai viza, mabati ya nyumba waliyolalamika kwamba yanaliwa na kutu, na maji machafu yaliyoingia mto Nzoia, ambao unaenda kumwaga Ziwa Victoria. Karatasi kuukuu haihitaji kupikwa hivyo. Nyuzi zake zilishapikwa mara moja. Unaziloweka katika pipa kubwa lenye rafadha hadi ziwe uji, unachuja pini za stepla na plastiki, unapuliza mapovu ya sabuni yanayobeba wino juu, unauondoa. Maji yanatumika, ndiyo, na matope ya wino yanabaki na lazima yatupwe vizuri. Lakini hakuna kupika mti.

Mguu wa pili ni Dandora. Jaa lile lilifunguliwa mwaka 1975, likatangazwa kujaa mwaka 2001, na hadi leo malori yanakwenda. Karatasi uliyoitupa Lavington ikifukiwa chini ya takataka nyingine, pasipo hewa, inaoza na kutoa methane. Gesi hiyo, kwa kipimo cha miaka mia moja, inapasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule. Karatasi inayoenda kiwandani haiozi jaani.

Hapa yule mteja wangu atasema: basi si afadhali nichome, methane isitoke? Swali zuri. Kuchoma kunazuia methane, ni kweli. Lakini unapochoma karatasi ya printa ya leza, unachoma na wino wake, ambao kimsingi ni unga wa plastiki uliyeyushwa juu ya karatasi, na moshi huo wanauvuta mlinzi wako na mama mboga wa uchochoroni. Pili, ukishachoma, nyuzi zimekwisha. Ungeziuza, zingetumika tena mara tano hadi saba kabla ya kuwa fupi mno. Kiwanda kitazihitaji bado, na kitaenda kuzitafuta kwingine: kwenye mti, au kwenye meli inayotia nanga Mombasa.

Mguu wa tatu ni nishati, na hapa niseme ukweli wote. Kiwanda cha kupika mti hujichomea masalio ya mti wenyewe kupata mvuke na umeme, ilhali kiwanda cha karatasi kuukuu hulazimika kununua. Kwa hiyo faida ya kaboni inategemea kimenunua nini. Kwenye nchi inayochoma makaa ya mawe faida inapungua. Kwetu, sehemu kubwa ya umeme inatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa ya maji na upepo wa Turkana. Kenya ni moja ya mahali ambapo hesabu hii inakaa vizuri. Bado mitambo ya kuchemsha maji inachoma mafuta au kuni, hilo lipo, lakini tumeanza mbele ya wengi.

Mzee wa mkokoteni

Kuna mzee anayepita na mkokoteni kwetu Kangemi kila asubuhi, akivuka kuelekea Westlands kukusanya karatasi na katoni. Baada ya kisa cha njugu nilimsimamisha.

"Habari ya asubuhi, mzee. Karatasi gani inalipa?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi. "Kijana, nyeupe ndiyo chakula. Nyeupe kavu. Gazeti ni la chini. Katoni ni nafuu. Lakini ninyi wa ofisi mnachanganya nyeupe na chai na ugali, mnanipa takataka halafu mnasema mmenisaidia."

Sentensi hiyo ilinifunza kuliko kurasa nyingi nilizosoma mtandaoni. Karatasi nyeupe kavu ni malighafi. Karatasi ile ile ikimwagikiwa chai na mchuzi ni uchafu. Tofauti yake ni sekunde tano za mtu aliyesimama mbele ya pipa. Sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, yaani ofisini kwako na jikoni kwako, siyo Dandora. Lakini ingia ofisi kumi za Westlands uniambie ni ngapi zenye hata boksi moja la karatasi peke yake chini ya printa.

Na huyu mzee anapoteza mara mbili. Ofisi ikichoma anakosa mzigo. Ofisi ikichanganya anabeba uzito usiolipa. Kila uamuzi tunaoufanya kwenye viti vyetu vya magurudumu unapimwa kwenye mzani wake jioni.

Visingizio

Kisingizio cha kwanza: "Karatasi iliyochakatwa upya inakwama kwenye printa." Huko Ujerumani kuna alama ya Malaika wa Buluu, iliyoanzishwa mwaka 1978, na karatasi ya ofisi yenye alama hiyo inapita kwenye printa za ofisi za serikali kila siku bila matanga. Printa yako inakwama kwa sababu rimu imeachwa wazi ikanyonya unyevu, au kwa sababu haijasafishwa tangu inunuliwe.

Kisingizio cha pili: "Hapa Nairobi A4 ya namna hiyo ni adimu na ghali." Hapa nakubali nusu. A4 nyingi tunayotumia inatoka nje. Lakini nani amesema lazima uanze na A4? Viwanda vyetu vinachakata karatasi kuukuu kila siku. Chandaria Industries pale Baba Dogo wametengeneza tishu kutokana na karatasi zilizotumika kwa miaka mingi. Trei za mayai, katoni, kadi ngumu za mafaili, zote zinaweza kutoka humo. Anza na choo, ndugu yangu! Kuna sababu gani ya kukata mti uliochukua miaka kukua, kuupika, kuupausha ukawa mweupe kama theluji ya Kirinyaga, kisha kuutumia kwa sekunde tatu pale unapoutumia? Tishu iliyochakatwa upya inafanya kazi ile ile. Mahali pale hapana haja ya weupe.

Kisingizio cha tatu ndicho kizito: "Siri za wateja." Sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 haikuishia kwenye kompyuta, inagusa pia kumbukumbu za karatasi zilizopangwa kwenye mafaili. Mteja wangu alikuwa na haki ya kuogopa. Ila jibu ni mashine ya kukata vipande. Vipande vina nyuzi fupi kidogo, lakini kwa kutengenezea tishu vinafaa. Kata, funga kwenye gunia, uza. Siri imekufa, nyuzi zinaishi.

Na naomba tusimlaumu muuza njugu. Yeye ametumia upande mmoja wa karatasi tuliouchafua na wote wawili tukautupa. Mwaka 2005 Wangari Maathai alipokwenda Japani alilipenda neno lao "mottainai", la kusikitikia kitu kinachopotea bure, akalibeba duniani kote. Wauza njugu wa Odeon wanaliishi bila kulijua. Hatari ya mafuta ya wino kwenye chakula ipo, na data za watu hazikupaswa kufika pale, lakini makosa hayo yalianzia kwenye printa yangu.

Kilichokuwa kwenye msimbo wangu

Basi nilifungua ule msimbo. Kurasa 62, upande mmoja, nakala tatu, kila mwezi. Nani aliagiza nakala tatu? Nikatafuta kwenye barua pepe za zamani. Hakuna! Mimi ndiye niliyeiweka 3 kama chaguo la kawaida, siku moja usiku nikiwa nimechoka.

Tupige hesabu. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Kurasa 62 mara nakala 3 mara miezi 12 ni karatasi 2,232 kwa mwaka, kilo 11 na kidogo. Utasema ni kidogo. Programu ile inatumiwa na wateja 30. Hapo ni karatasi 66,960, yaani kilo 335 kila mwaka, karibu rimu 134, kwa sababu ya tarakimu moja niliyoiandika nikisinzia.

Nimeibadilisha. Sasa ripoti ni kurasa nne, inachapishwa pande mbili, nakala moja, na namba za vitambulisho zimefichwa isipokuwa tarakimu tatu za mwisho. Karatasi 24 kwa mwaka kwa kila mteja. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba changu kilikuwa kimejaa upumbavu.

Kwa hiyo wenzangu mnaoandika programu, nawaomba haya:

1. Chaguo la kawaida liwe pande mbili na nakala moja. Anayetaka zaidi aombe.

2. Risiti za karatasi ile laini inayochapishwa kwa joto zisitoke bila mteja kuulizwa. Mpaka wake una kemikali, mara nyingi bisfenoli A, ambayo Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye risiti kuanzia 2020. Risiti hizo zikiingia kwenye boksi la nyeupe zinachafua mzigo wote. Mteja ameshapata ujumbe wa M-Pesa, muulize kama anaihitaji.

3. Boksi moja chini ya kila printa, la nyeupe kavu tu. Bila chai, bila risiti, bila karatasi za kunata.

4. Zenye majina ya watu zikatwe vipande, zisichomwe.

5. Ofisi inunue tishu, bahasha na mafaili yaliyotoka kwenye karatasi kuukuu, na iandike hivyo kwenye zabuni. Kukusanya bila kununua ni kumjazia mzee wa mkokoteni mzigo usio na soko.

Yule mteja? Pipa la chuma lipo bado, lakini wiki iliyopita nilipita nikakuta limegeuzwa, limepandwa sukuma wiki. Mashine ya kukata vipande iko kando ya printa. Mlinzi ndiye anayeuza magunia, na mzee wa Kangemi ndiye anayenunua.

Mimi njugu bado nanunua pale pale Odeon. Na kila nikimaliza, naikunjua karatasi na kuangalia kama nitakutana na mwandiko wangu tena.

Tuko pamoja.